Chombo Hakisafishwi Kikiwa Majini: Mafunzo Saba Kati ya Maabara na Kitanda cha Babu

Babu yangu aliendesha mashua Pangani kwa zaidi ya miaka 30. Mimi ni mjukuu wake wa kwanza wa kike, kwa hiyo tangu utotoni ananiita mke wake, na bibi ananiita mke mwenza. Tezi dume ilipombana hata mkojo ukagoma kutoka, hospitalini walimwekea mpira wa mkojo wakamwambia asubiri zamu ya upasuaji. Babu aliona aibu mimi kuuona mpira ule, nami sikuwa na pa kukwepea, maana katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyesomea mambo ya maabara. Wakati huo nilikuwa Dar es Salaam, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nikichunguza jinsi antibiotiki zinavyowaathiri bakteria wanapojenga utando, ule ambao wataalamu wanauita bayofilmu.

Kwa miezi minne nilikuwa naotesha utando kwenye sahani za plastiki, naupaka rangi, naupima, naandika tarakimu daftarini. Kwa miezi minne hiyo hiyo babu alipata homa mara tatu. Mara tatu akapewa antibiotiki ya sipro, mara tatu akapata nafuu, na mara tatu homa ikarudi. Nilikuwa nikituma nauli na pole. Haikunijia hata siku moja kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Nilizinduka siku muuguzi alipombadilishia mpira nikiwa nimesimama pembeni. Niliomba ule wa zamani, nikavaa glavu, nikaupasua kwa wembe kutoka mwanzo hadi mwisho. Tundu la katikati lilikuwa limebaki jembamba kama la sindano ya kushonea magunia. Kuta zake zilikuwa zimevaa ute wa rangi ya udongo, na ukiusugua kwa kidole unahisi chembechembe kama za mchanga. Nilikuwa nimesoma makala nyingi kuhusu kitu kile. Kukijua kwa kusoma ni kimoja, kukijua kwa wembe ni kingine.

Haya ndiyo mafunzo niliyotoka nayo.

1. Bakteria wa kitabuni anaogelea, wa kweli anajenga

Shuleni tulichorewa bakteria kama kidonge kimoja kinachoelea majini, pengine na mkia. Mazoea hayo ya kumwona bakteria akiwa peke yake, kwenye supu safi ya maabara, yametuletea faida kubwa, maana ndivyo tulivyojua kipi kinaleta kifua kikuu na kipi kinaleta kipindupindu. Lakini yametufanya tusahau kwamba nje ya maabara bakteria wengi hawaelei. Wanatafuta mahali pa kushika.

Ukitaka kuwaona, ingiza mkono ndani ya mtungi wa maji au dumu ambalo halijasuguliwa kwa wiki mbili. Ule utelezi unaouhisi kidoleni ni wao. Bakteria wachache hutua kwenye ukuta, wakashika. Wakishashika wanazaana na kutoa ute uliochanganyika sukari ndefu, protini na hata nyuzi za vinasaba. Ute huo unawafunika, unawashikanisha, na katikati yake zinabaki njia ndogo za maji ya kupitishia chakula. Nyumba ikishajaa, baadhi yao huchomoka kwenda kutafuta ukuta mwingine. Kwa babu, waliochomoka ndio waliokuwa wakimletea homa.

Mtu wa kwanza kuwaeleza bakteria wa aina hii alikuwa Mholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft aliyejitengenezea hadubini zake mwenyewe. Mwaka 1683 alikwangua uchafu mweupe wa katikati ya meno yake, akauweka chini ya kioo, akaona viumbe wakicheza humo. Kilichonishangaza mimi ni kwamba aliona pia jambo ambalo lingetuchukua karibu miaka 300 kulitilia maanani: alipoosha meno kwa siki, waliokufa ni wale wa nje ya gamba tu. Siki haikupenya hadi ndani. Mwaka 1978 ndipo Mkanada Bill Costerton na wenzake walipoandika kwa mapana jinsi bakteria wanavyong'ang'ania kuta, na hapo somo hili likapata wafuasi.

2. Kipimo kilisema dawa inafanya kazi, na hakikudanganya

Nilipoomba majibu ya mkojo wa babu uliooteshwa, yaliandikwa Proteus mirabilis, na mbele ya sipro herufi ya kuonyesha kwamba dawa inammudu. Homa iliporudi wakaotesha tena: bakteria yule yule, herufi ile ile. Shangazi akasema dawa za siku hizi ni feki. Mjomba akasema babu amelogwa kwa sababu ya shamba. Mimi nilikaa kimya, maana jibu nilikuwa nalo daftarini na sikulitambua.

Kipimo kile kinafanywa kwa bakteria walio peke yao, wenye chakula tele, wanaozaana kwa kasi. Kinajibu swali moja: je, dawa hii inawazuia wanaoelea? Hakijibu habari ya waliojenga. Bakteria walewale wakiwa ndani ya utando wanaweza kuvumilia dawa mara 10 hadi 1,000 zaidi ya kiasi kinachowamaliza wakiwa wanaogelea.

Zamani nilidhani siri yote ni ukuta, kwamba ute unaizuia dawa mlangoni. Kwa baadhi ya dawa ni kweli kwa kiasi chake. Gentamisini ina chaji chanya, na ute mwingi una chaji hasi, kwa hiyo dawa inanaswa njiani. Lakini sipro inapenya utando bila shida kubwa, na bado babu alikuwa anaumwa. Siri kubwa iko ndani zaidi. Kule chini hewa ya oksijeni ni haba na chakula ni cha kugombania, basi bakteria wanapunguza mwendo wa maisha. Hawakui, hawagawanyiki. Penisilini na jamaa zake zinaua kwa kuharibu ukuta wa bakteria anayejenga mwili wake. Asiyejenga mwili utamharibia nini?

Halafu wapo waliolala kabisa. Mwaka 1944 daktari wa Ireland aitwaye Joseph Bigger alimwaga penisilini nyingi juu ya stafilokokasi, akakuta wachache sana wamesalia. Alipowaotesha upya, watoto wao walikufa kwa dawa ile ile bila ubishi. Hawakuwa na usugu. Walikuwa wamelala tu wakati mauaji yanapita.

Tofauti hiyo ilinifungua macho. Usugu ni bakteria kubadilika kiasi kwamba dawa haimuwezi, naye anauachia uzao wake. Ustahimilivu wa utando ni kujificha na kungoja. Ndiyo maana kila mkojo wa babu ulipooteshwa, majibu yalirudi mazuri, na babu akarudi kitandani.

3. Nusu dozi si nusu ya tiba

Hili ndilo fundisho lililonigharimu usingizi.

Katika maabara nilitumia sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kila safu inapewa nusu ya dawa iliyowekwa kwenye safu iliyotangulia, mpaka unafika kwenye safu isiyo na dawa kabisa. Unaweka bakteria, unaacha usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37, kesho yake unamwaga maji, unasuuza, na kupaka rangi ya zambarau. Rangi yenyewe unaifahamu: ni ile GV ambayo mama zetu walitupaka mdomoni tukiwa na utando mweupe wa ulimi. Kishimo chenye utando mwingi kinabaki zambarau nzito, kisicho nao kinarudi cheupe.

Nilitarajia ngazi: dawa nyingi, rangi kidogo, dawa kidogo, rangi nyingi. Bakteria wangu alikuwa Pseudomonas aeruginosa, dawa ilikuwa gentamisini. Safu za dawa nyingi zilikuwa nyeupe kama nilivyotarajia. Safu isiyo na dawa ilikuwa zambarau ya wastani. Lakini katikati, kwenye safu iliyokuwa na robo tu ya kiasi kinachomzuia bakteria kukua, rangi ilikuwa nzito kuliko zote. Dawa kidogo ilikuwa imezalisha utando mwingi kuliko kutokuwa na dawa.

Nilijua nimekosea pipeti. Nikarudia. Nikarudia tena nikibadilisha upande wa sahani, maana vishimo vya pembeni hukauka haraka na kudanganya. Mlima ulibaki pale pale katikati. Msimamizi wangu alitazama karatasi, akatabasamu, akaniambia nikatafute kazi ya watafiti wa Seattle iliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature. Walikuwa wameonyesha kwamba tobramisini, ndugu wa damu wa gentamisini, ikiwa ya kiasi kidogo kisichoua inamsukuma Pseudomonas kujenga utando, na hata E. koli pia. Ndani ya bakteria kuna ujumbe wa kikemikali unaomwamulia aendelee kuogelea au atulie ajenge. Dawa kidogo inaugusa ujumbe huo. Ni kama mwizi aliyegonga mlango usiku akakimbia: hakuiba kitu, ila kesho yake mwenye nyumba anaita fundi wa nondo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Pangani. Nikatandua godoro la babu ili nilianike, nikakuta kikopo cha tumbaku. Ndani yake kulikuwa na vidonge tisa vya sipro, masalio ya dozi tatu.

"Hivi ni vya nini, babu?"

"Akiba. Mkojo ukichafuka nameza kimoja, unatakata."

Sikuwa na la kumlaumu. Nahodha hamalizi maji yote ya kunywa safarini, lazima abakize ya kurudia. Na duka la dawa la jirani lilikuwa likimuuzia bibi vidonge vinne vinne, kadiri ya pesa iliyo mkononi. Alexander Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945 kuhusu mtu anayetumia dawa pungufu na kuwafunza vijidudu kuizoea. Yeye alikuwa anasema habari ya usugu. Sahani yangu iliongeza neno: dawa pungufu inaweza pia kuwafunza kujenga.

Lakini lipo jambo la kusikitisha zaidi, ambalo nililielewa nikiwa ndani ya basi la kurudi Dar. Hata mgonjwa anayemaliza dozi yake yote kwa saa, bakteria wa ndani kabisa ya utando wanaweza kufikiwa na dawa iliyokwisha kupungua njiani. Mgonjwa amekula dozi nzima, wao wamepata robo. Mpira ukibaki mahali pake, nusu dozi ipo hata bila kikopo cha tumbaku.

4. Usiseme "antibiotiki" kana kwamba ni mtu mmoja

Baada ya ule mlima wa zambarau nilianza kutangaza kwa wenzangu kwamba dawa kidogo huongeza utando, nukta. Kisha nikajaribu bakteria wengine na dawa nyingine. Wengine hawakushtuka hata kidogo. Wengine walipunguza ujenzi. Sahani moja ilinipa mlima, nyingine bonde, na zote zilikuwa sahihi.

Mfano unaojulikana ni azithromisini. Dawa hii haimuui Pseudomonas kwa kiasi cha kawaida, lakini kiasi kidogo chake kinavuruga mawasiliano ambayo bakteria hao wanayatumia kupanga ujenzi. Madaktari wa mapafu wanaitumia kwa muda mrefu kwa baadhi ya wagonjwa ambao vifua vyao vimekaliwa na bakteria huyo. Rifampisini nayo ni hodari dhidi ya stafilokokasi waliojenga juu ya vyuma vya mifupa, ila haitumwi peke yake, kwa kuwa usugu wake unazuka upesi. Inafuatana na mwenziwe kila mara.

Kwa hiyo mtu akikuuliza antibiotiki inafanya nini kwa utando, muulize kwanza: ipi, kiasi gani, kwa bakteria yupi, na utando una umri gani? Wa saa sita si sawa na wa wiki mbili.

5. Rangi haitofautishi maiti na mzima

Kosa hili nililifanya mbele ya watu. Niliotesha utando kwa siku nzima, nikauwekea dawa nyingi sana, nikapaka rangi. Zambarau ilibaki vile vile. Kwenye kikao cha maabara nikatangaza kwamba dawa imeshindwa kabisa.

Msimamizi akauliza swali la maneno matatu: "Umehesabu walio hai?"

Sikuwa nimehesabu. Rangi ya zambarau inashika ute, inashika bakteria aliye hai na inashika mzoga wake. Inakuambia nyumba ipo, haikuambii kama ina wapangaji. Ilibidi nianze upya: kukwangua kila kishimo, kuvunja mabonge, kuzimua mara kumi, mara mia, mara elfu, kumwagia kwenye sahani za chakula, kurudi kesho kuhesabu vidoa kimoja kimoja. Ni kazi ya kuumiza shingo. Matokeo yake yalinifundisha unyenyekevu. Vishimo vingine vilivyokuwa na zambarau nzito vilikuwa na wachache walio hai. Vingine vilivyopauka, ambavyo ningevipa alama ya ushindi, vilikuwa na umati.

Ningeweza kuliacha kosa hilo liwe la maabara tu, lakini lilinifuata hadi Pangani. Kila babu alipopata nafuu tulisema dawa imefanya kazi. Tulikuwa tunapima joto la mwili, yaani waliochomoka na kuingia kwenye mkojo na damu. Nyumba yenyewe hatukuwahi kuipima. Na hata ambapo dawa ilifanikiwa kuua wengi wa ndani, magofu yalibaki yamesimama kwenye kuta za mpira. Mgeni akija hapo hahitaji kuchimba msingi.

6. Chombo hakisafishwi kikiwa majini

Siku ile ya wembe nilimweleza babu kwa lugha ninayoiweza. Nikamwambia dawa inawaua walio kwenye mkojo, ila walio kwenye mpira wamejenga, na wana tabia ya kugeuza mkojo. Proteus anacho kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia. Mkojo ukishapoteza uchachu wake, chumvi za kalisi na magnesi zinaganda na kuwa mawe madogo. Huo ndio mchanga niliouhisi kidoleni, na ndio unaoziba mpira usiku wa manane.

Babu alisikiliza huku amefumba macho. Kisha akasema, kana kwamba namweleza jambo la jana, "Chombo hakisafishwi kikiwa majini, mke wangu."

Kila baada ya muda, mashua inashika mwani na vijichaza chini, inakuwa nzito, haiitikii tanga. Huwezi kuzunguka nayo baharini ukaimwagia dawa. Unangoja bamvua, unaipandisha pwani maji yakiwa yamejaa, maji yakipwa inabaki juu ya magogo. Hapo ndipo unakwangua, unachoma kwa makuti, unapaka deheni. Deheni ikipakwa juu ya mwani haishiki. Kwanza mkwanguo, halafu dawa.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Alikuwa amesema kwa sentensi moja kile ambacho miongozo ya tiba inakisema kwa kurasa. Mgonjwa mwenye mpira akipata maambukizi yenye dalili, na mpira umekaa zaidi ya wiki mbili, inashauriwa mpira ubadilishwe, na mkojo wa kupima uchukuliwe kutoka kwenye mpira mpya. Homa zile tatu za mwanzo, mpira haukuguswa, na mkojo ulichukuliwa kutoka kwenye mfuko uliokuwa unaning'inia tangu jana. Kwenye mfuko unapima wakazi wa mfuko.

Tangu hapo naiona kanuni ya babu kila mahali. Daktari wa meno anakwangua, hakupi vidonge vya kuyeyusha ukoga. Mswaki ni mkwanguo wa kila siku, na katika miaka yote ya antibiotiki haijapatikana iliyoustaafisha. Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari kinasafishwa hadi kwenye nyama hai, na dawa inafuata upesi kabla ujenzi haujaanza tena. Nyonga ya chuma ikishakaliwa, mara nyingi mpasuaji anarudi kuifungua.

Neno la tahadhari kwa wanaouguza nyumbani: mpira wa mkojo unashikwa ndani ya kibofu na puto lililojazwa maji. Usiuvute wala kuukata mwenyewe. Kuuondoa ni kazi ya muuguzi au daktari, nayo ni ya dakika chache.

7. Mkojo kuwa na bakteria si ugonjwa

Baada ya somo langu, bibi aligeuka mlinzi mkali. Kila asubuhi aliinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akiona mkojo una ukungu ananipigia simu. "Mke mwenza, wamerudi. Tununue dawa?"

Ilinibidi nimweleze kwamba hawajawahi kuondoka. Mtu mwenye mpira ana uwezekano wa asilimia 3 hadi 7 wa kupata bakteria kwenye mkojo kwa kila siku inayopita. Mpira ukimaliza mwezi, karibu kila mgonjwa anao. Kama hana homa, hatetemeki, hana maumivu chini ya kitovu au ubavuni, wala hajaanza kuweweseka, basi kumpa antibiotiki ni kuwapiga mawe wapita njia: waliojenga hawasikii, na bakteria wa tumboni wasio na hatia wanafunzwa usugu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya vimelea sugu. Kila kidonge kisicho na kazi kinachangia kidogo katika hesabu hiyo.

Bibi akauliza swali la haki: basi tufanye nini? Tukaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kitanda. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu, ila usiguse sakafu. Mpira usikunjwe. Usitenganishwe na mfuko bila sababu. Mikono ioshwe kabla na baada ya kuugusa. Tarehe ya kubadilisha iandikwe kwa kalamu ya wino mzito. Na kila tukikutana na daktari, tuulize: bado anauhitaji?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, maana juu ya mpira usiokuwepo hakuna anayejenga. Kabla ya upasuaji babu alipata homa mara moja tu zaidi, wiki sita baadaye, mpira ulipoziba usiku. Bibi hakwenda dukani kununua vidonge vinne. Alimwamsha kijana wa bodaboda, wakaenda hospitali, na neno la kwanza alilomwambia muuguzi lilikuwa, "Kwanza huu utoke."

Babu alifanyiwa upasuaji, mpira ukaondolewa kabisa, na miezi michache baadaye nikasimama kutetea tasnifu yangu. Mtahini mmoja, baada ya kupitia michoro yangu yote ya milima na mabonde, akauliza ningependekeza dawa gani kwa mgonjwa wa mpira mwenye utando. Nikajibu kwamba pendekezo langu la kwanza si dawa. Mpira utolewe au ubadilishwe, ndipo tuchague dawa, na ikichaguliwa itolewe kwa ukamilifu. Akaandika kitu, akanipa masahihisho madogo.

Nilipompelekea babu nakala yenye jalada la bluu, alikuwa barazani akishona wavu. Akaipima uzito mkononi, akaniomba nimsomee pendekezo la kwanza. Nikalisoma taratibu.

"Miaka miwili chuoni, mke wangu," akasema, "na karatasi zote hizi, kuja kuniambia chombo kipandishwe pwani?"

Bibi alikuwa uani amepiga magoti, mkono umezama mtungini hadi kwenye kiwiko, akisugua kwa makumbi na mchanga. Akacheka mpaka maji yakamwagika.